Dawa ya Ng'ombe Mgongoni kwa Farasi: Uchambuzi wa Kisa cha Banda Moja la Unguja

Banda hili liko mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Jambiani, kwenye ardhi ya maweni ambako udongo ni haba na majani hutegemea mvua. Wamo farasi wawili wanaopandisha wageni ufukweni maji yakishatoka: jike wa miaka 12 hivi, mwenye uzito wa karibu kilo 400, na dume mdogo kwake aliyehasiwa. Hatua chache kutoka bandani ndipo nyumbani kwa mwenye farasi, na mama yake ana paka watatu. Mmoja wao, jike mweusi mwenye kifua cheupe, halali ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha. Usiku huenda bandani kuwafuata panya wanaofuata pumba, na akishachoka kuwinda hupanda mgongoni kwa yule farasi jike akalala. Farasi humwachia. Wamezoeana tangu paka yu mtoto.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomtia paka hatarini, na ndiyo yaliyotuonesha ugonjwa wa farasi umetoka wapi.

Mimi ni msaidizi wa mifugo. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe, mbuzi na punda. Kwa farasi huitwa mara chache, maana Unguja farasi si wengi. Mwenye banda ameniruhusu niandike kisa hiki bila majina, naye anataka kisomwe na kila anayefuga wanyama wa aina zaidi ya moja katika ua mmoja.

Jumamosi asubuhi

Simu ilikuja baada ya sala ya alfajiri. Farasi jike hakugusa majani aliyowekewa usiku, na kijana anayemhudumia alipofagia banda hakukuta samadi hata donge moja. Farasi mzima hunya mara nyingi kwa siku, mchana na usiku. Sakafu safi asubuhi ni habari mbaya, na kijana yule alistahili sifa kwa kuliona hilo na kulisema mapema badala ya kufurahia kazi nyepesi.

Nilimkuta amesimama, kichwa kimeinama karibu na usawa wa magoti, mdomo wa chini umelegea, macho nusu wazi. Mara moja moja aligeuza shingo kutazama ubavu wake, akajinyoosha, kisha akazama tena katika usingizi wake. Moyo ulipiga mara 48 kwa dakika. Kwa farasi aliyetulia tunatarajia kati ya 28 na 44. Joto lilikuwa 37.6, ambalo ni la kawaida, kwa hivyo homa haikuwapo. Ufizi ulikuwa mkavu kidogo. Kisha nikaweka stethoskopu ubavuni, juu na chini, kulia na kushoto, na kila pahala nikasikiliza dakika nzima. Kimya kitupu. Tumbo la farasi mzima halinyamazi namna hiyo. Hunguruma na kububujika hata akiwa amelala.

Mwenye banda alikuwa na jibu tayari. "Mchanga huo, ndugu yangu. Mara ngapi nimewaambia wasimwagie majani chini!" Hakuwaza vibaya. Farasi wa pwani anayelishwa juu ya ardhi humeza mchanga kila siku, nao hutuama kwenye utumbo mpana hadi ukamletea msokoto wa tumbo. Lakini mchanga ukiwapo, mara nyingi sikio likiwekwa chini ya tumbo, nyuma kidogo ya kifua, husikia sauti kama ya wimbi dogo likirudi ufukweni. Hapa hapakuwa na sauti yoyote. Na kilichonisumbua zaidi ni ule usingizi. Farasi mwenye maumivu ya tumbo hupara ardhi, hulala na kuinuka, hutoka jasho. Huyu alikuwa na maumivu na papo hapo anasinzia, mambo mawili ambayo hayaendi pamoja ila kuna sababu.

Bi mkubwa, yule mama wa mwenye banda, alisema farasi kapigwa jicho, kwa jinsi watu wanavyomtazama pwani, akaanza kumsomea. Aliendelea kusoma kwa muda wote tuliokuwa tukifanya kazi, na sauti yake ilitutuliza sote. Jirani mmoja alikuja na chupa ya magadi yaliyokorogwa na ndimu, akitaka tumnyanyue kichwa tummiminie. Hilo nililikataa palepale. Farasi hatapiki. Kilichoingia tumboni hakirudi juu, na akiwa na usingizi hamezi vizuri, hivyo maji ya chupa huingia mapafuni kwa wepesi. Nimeshaona punda akifa kwa mapafu siku chache baada ya tumbo lake kupona, kwa sababu ya chupa ya namna hiyohiyo.

Paka anaingia katika kisa

Nilikuwa nauliza maswali ya kawaida (amekula nini, amekunywa maji ya wapi, amefanya kazi gani) wakati bi mkubwa alipokatiza kisomo chake: "Mwanangu, ukimaliza hapo nitazamie na paka wangu. Tangu jana hajanyanyuka, chakula hataki."

Yule mweusi alikuwa juu ya gunia jikoni. Nilimwinua, akaninginia mkononi bila kujikaza. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka ilhali jua linaingia dirishani. Alikuwa ametapika povu. Joto lake lilikuwa 36.0, na paka hatakiwi kushuka chini ya 38. Moyo haukufika mara 100 kwa dakika, wakati paka aliyeshikwa na mgeni kwa kawaida huvuka 140. Paka wawili wengine walikuwa wazima, mmoja akining'ang'ania miguuni akitaka dagaa.

Hapa ndipo nilipoacha kufikiri juu ya mchanga. Farasi anakula majani na pumba. Paka anakula samaki na panya. Hawashiriki sahani, na magonjwa yao ya kuambukiza kwa sehemu kubwa si mamoja. Hata hivyo wote wawili walikuwa wamepoa kwa namna moja: usingizi, utumbo uliosimama kwa mmoja, moyo uliozembea kwa mwengine. Wanashiriki nini? Wanashiriki ngozi ya mgongo wa farasi. Na kati ya paka watatu, aliyeumwa ni yule tu anayelala hapo.

Nikarudi bandani nikanusa mgongo wa farasi. Chini ya harufu yake mwenyewe ilikuwapo nyengine, ya mafuta makali. Nikamwuliza kijana alimpaka nini. Akasema hakumpaka kitu. Alimpulizia tu dawa ya kupe, Alhamisi alasiri.

Dawa yenyewe

Kwa nini kupe walikuwa wengi wiki ile haihitaji maelezo marefu: masika yalikuwa yamekwisha, majani yamepanda. Unguja tuliondokewa na mbung'o. Madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi kule Tanga yalimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, mbung'o wa mwisho akanaswa mwaka 1996 na kisiwa kikatangazwa huru mwaka 1997. Hiyo ni neema kubwa kwa ng'ombe, punda na farasi. Kupe hawakuondoka. Wao ndio wanaoleta ndigana kali kwa ng'ombe, na kwa farasi huleta ugonjwa wa damu unaomkausha na kumfanya manjano ufizini. Kwa hivyo nia ya kumwondolea farasi kupe ilikuwa nia njema kabisa.

Dawa ilitoka kwa jirani mwenye ng'ombe. Huwapulizia ng'ombe wake kwa bomba la mkono, na siku ile ilibaki robo ya bomba. Aliona haifai kuimwaga, akampa kijana, na kitu pekee kilichobaki cha kuitambulisha dawa ile kilikuwa chupa ndogo ya maji ya kunywa yenye mabaki yake. Chupa isiyo na karatasi. Ilibidi twende kwa jirani tuione ile aliyonunulia. Ilikuwa amitrazi, asilimia 12.5. Chupani huandikwa amitraz, na nawaomba wafugaji walishike jina hilo kwa macho. Kwenye karatasi, kwa maandishi madogo chini ya maelekezo ya ng'ombe, ilikuwapo onyo: isitumiwe kwa farasi.

Kijana aliipulizia ile robo yote kwa farasi jike. Farasi dume alinusurika kwa sababu bomba liliisha.

Amitrazi ni dawa nzuri kwa ng'ombe. Hutiwa mililita 2 katika lita moja ya maji, na kupe hulegea, akaacha kung'ata, akaanguka. Lakini katika mwili wa mnyama hushika pia mahali pale kwenye neva panapoamrisha mwili upoe: moyo hupunguza mwendo, joto hushuka, usingizi huja, tumbo husimama. Ng'ombe akiogeshwa kwa kipimo sahihi huvumilia. Farasi havumilii hata kwa kipimo kilekile, na sababu iko katika umbile lake. Chakula chake hakimalizwi tumboni. Humeng'enywa nyuma, katika utumbo mpana uliojikunja mara kadhaa, nao karibu na nyonga hupinda ghafla na kuwa mwembamba. Utumbo huo lazima utembee. Ukisimama, maji yanaendelea kunyonywa kutoka kwenye chakula, chakula kinakauka, kinajibana pale kwenye kona, choo kinafunga. Dalili huja baada ya siku moja au mbili, na ndiyo maana hakuna aliyeihusisha Jumamosi na Alhamisi.

Paka hakupuliziwa. Alilala juu ya manyoya yaliyolowa dawa, kisha akafanya kama paka: akajilamba hadi akatakata.

Tulichofanya, na kwa mpango gani

Nilimpigia daktari wa mifugo mjini nikamwambia jina la dawa kabla ya jambo jengine lolote. Mpaka leo naona simu ile ilikuwa na faida kuliko yote niliyoyafanya kwa mikono. Farasi anapoumwa tumbo, dawa ambayo daktari huifikia haraka ili kumtuliza ni zailazini. Nayo hufanya kazi kwa mlango uleule wa neva unaoguswa na amitrazi. Angedungwa, tungekuwa tumemwongezea sumu kwa nia ya kumpunguzia maumivu. Daktari aliiacha sandukuni, akaja na dawa ya maumivu ya njia nyengine.

Wakati tunamsubiri tulimwogesha farasi kwa sabuni ya kawaida na maji mengi, tukivaa glavu, kuanzia singa hadi mkiani, na maji machafu tukayaelekeza mbali na ndoo zao. Majani tuliyaondoa yote. Maji tuliyaacha karibu yake. Tulimtembeza taratibu kwa vipindi vifupi, bila kumkimbiza.

Paka niliwaachia bi mkubwa na mjukuu wake baada ya kuwaonesha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, suuza mpaka manyoya yasiteleze, kausha vizuri, kisha mfunge kwa kanga kavu pamoja na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Bi mkubwa alitaka kumnywesha maziwa, kama wanavyofanya wengi kwa mnyama aliyekula sumu. Nilimsihi asifanye hivyo. Maziwa hayaondoi sumu hii, na paka aliyelegea hivyo yangeweza kumpalia, akapata madhara yaleyale niliyoyaogopa kwa farasi na ile chupa ya magadi.

Nilimwuliza na kijana hali yake. Alikuwa amepulizia bila glavu, fulana imelowa, na akakiri kwamba usiku ule wa Alhamisi alilala kabla ya isha, jambo asilolizoea. Dawa inayomlaza farasi humlaza na binadamu. Mwenye banda alimpeleka kituo cha afya mchana uleule, akaonekana yu salama.

Daktari alifika kabla ya adhuhuri. Alipitisha mkono kwa nyuma akakuta utumbo mpana umejaa na umekuwa mgumu mahali pale pale pa kona. Akampitishia mpira kutoka puani hadi tumboni, akauacha wazi kwanza kuona kama kitu kitarudi, maana tumbo likiwa limejaa ni hatari kuongeza. Hakikurudi kitu. Akammiminia maji yaliyotiwa chumvi kwa kipimo, lita 5 kwa zamu, na baadaye mafuta ya parafini. Hapa lazima nisimame. Mafuta hayo ni ya dawa, hayana rangi wala harufu, huuzwa duka la dawa. Si mafuta ya taa, ambayo nayo watu huyaita parafini. Aliyesikia nusu ya habari hii akaenda kumnywesha farasi mafuta ya taa atamuua.

Zipo dawa zinazopinga amitrazi moja kwa moja, yohimbini na atipamezoli, lakini siku ile daktari hakuwa nazo. Kwa farasi tukategemea maji, mafuta na subira. Kwa paka, dripu iliyopashwa joto na ile kanga.

Paka alianza mapema. Jumapili alfajiri alinyanyua kichwa, jioni akala kipande cha samaki changu kwa mkono wa bi mkubwa. Farasi alitutia wasiwasi zaidi. Jumapili nzima zamu za maji ziliendelea, na ngurumo za kwanza nilizisikia ubavu wa kulia baada ya magharibi, hafifu, moja kwa dakika. Usiku wa manane akanya donge chache, kavu, zimefunikwa utando. Jumatatu samadi ilitoka nyingi, inang'aa kwa mafuta, na kijana aliyepiga kelele kuita watu waje kuiona hakuonekana na yeyote kuwa amefanya jambo la ajabu. Tulimrudishia ukoka mbichi kidogo kidogo, konzi kwa konzi, na pumba tukazizuia kwa siku kadhaa.

Mtego wa pili

Kisa kingeweza kuishia hapo, na wengi wangeandika tu "usimwogeshe farasi kwa dawa ya ng'ombe". Lakini kupe bado walikuwapo, na wiki iliyofuata mwenye banda alinijia na pendekezo. Ameambiwa kuna dawa nyengine ya kuogeshea, ya kundi la pairethroidi, ambayo farasi huivumilia. Ni kweli, zimo katika kundi hilo ambazo madaktari huzitumia kwa farasi.

Tatizo ni kwamba nyingi katika kundi hilohilo ni sumu kali ya paka. Ini la paka ni dhaifu katika kuzivunja, hasa permethrini, na kilicho salama kwa farasi au mbwa humtia paka mitetemeko, kisha degedege, kisha mauti. Dawa ya matone ya mbwa yenye permethrini, tone chache tu shingoni, huweza kuua paka. Basi kama mwenye banda angeikimbia amitrazi kwa ajili ya farasi akaiangukia permethrini, safari hii farasi angekuwa mzima na paka angekufa mgongoni mwake.

Huu ndio msimamo wangu baada ya kisa hiki, na nausema kwa kila mwenye ua mchanganyiko. Dawa ya ngozi haikai kwa uliyempaka. Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia, na kwa kuwa anatuzungukia hupita juu ya kila tulichokimwaga. Kwa hivyo usianze kwa kuuliza mwenye kupe ni nani. Uliza kwanza ni nani katika ua huu asiyeiweza dawa hii, kisha chagua kwa ajili yake. Farasi na amitrazi hawakai pamoja. Paka na permethrini hawakai pamoja. Palipo na farasi na paka, vyote viwili vinaondoka kwenye rafu, au vinatumika chini ya macho ya daktari na mnyama asiyeviweza akiwa amefungiwa mbali mpaka ngozi ikauke kabisa.

Watu huniambia kung'oa kupe kwa mkono ni kazi ya wasio na pesa. Sikubaliani. Kwa farasi wawili ni kazi ya muda mfupi kila jioni wakati wa kupiga brashi: ndani ya masikio, chini ya singa, kwapani, katikati ya mapaja, chini ya mkia. Kupe hushikwa kwa kibano karibu na ngozi, akavutwa moja kwa moja bila kupondwa, akatiwa kwenye kopo la spiriti. Na mtu anayemgusa farasi wake kila jioni hujua ubavu ukibadilika, kwato ikipata joto, samadi ikipungua. Hakuna chupa inayompa hayo.

Mpango waliokubaliana

Jirani hakufanya ubaya, na ng'ombe wake wanahitaji dawa yao. Akiiacha, ndigana kali itawamaliza. Mwenye banda alimwendea akamwita ami yake kama kawaida, wakakaa barazani wakazungumza. Walikubaliana hivi: ng'ombe wanapuliziwa upande wa pili wa ukuta, upepo ukiwa unatoka kwenye banda la farasi kwenda kwao, uwe wa kusi au wa kaskazi. Siku moja kabla, jirani hutuma mtoto kutoa habari, na bi mkubwa huwafungia paka wake ndani na chombo cha maji na sanduku la mchanga hadi kesho yake. Kinachobaki bombani hakigawiwi mtu. Dawa huchanganywa kidogo kidogo, kwa idadi ya ng'ombe waliopo, ili isibaki. Bomba la ng'ombe halivuki ukuta. Dawa inabaki katika chupa yake yenye karatasi yake, na kijana, anayesoma vizuri kuliko wote pale, ndiye aliyepewa kazi ya kuisoma kwa sauti kabla haijafunguliwa.

Farasi jike alirudi ufukweni baada ya wiki tatu, kwa mwendo wa hatua tu na bila mtu mgongoni mwanzoni. Nambari ya simu ya daktari imeandikwa kwa rangi ya mafuta ukutani mwa banda, na chini yake yameandikwa majina mawili: amitraz, permethrin.